Saa Iliyovuliwa Haipimi Kitu

Mwaka jana, kwenye harusi ya binamu yangu huko Tanga, nilimkuta shangazi mlangoni mwa ukumbi akihangaika kufungua mkanda wa saa yake. Akaifuta kwa pindo la mtandio, akaitumbukiza kwenye pochi, akafunga zipu. Mkononi zikabaki bangili sita na piko lililochorwa usiku uliotangulia, maua yake yakipanda kutoka vidoleni hadi karibu na kiwiko. Saa janja ile alinunuliwa na mwanawe baada ya daktari kusema mapigo ya moyo wake yanahitaji kuangaliwa.

"Shangazi, mbona unaivua? Leo ndiyo siku utakayocheza kuliko zote."

"Hii ya kwendea kliniki, mwanangu. Nikiingia nayo humu watu watadhani nimetoroka wodini."

Na kweli alicheza. Taarab ilipokolea alikuwa miongoni mwa wa kwanza kwenda kutunza, na aliporudi kuketi alikuwa anahema, jasho limemlowesha shingo. Moyo wake ulifanya kazi jioni ile kuliko wiki nzima iliyotangulia, na chombo kilichonunuliwa kwa ajili ya moyo huo kilikuwa gizani, katikati ya leso na chenji.

Tangu siku ile nimeacha kuuamini mjadala wa siku zote kuhusu saa janja, ule unaosema mtengenezaji ameshika mizani, upande mmoja urembo na upande wa pili matumizi, akiongeza huku lazima apunguze kule. Kazi ya kwanza ya saa janja, kabla ya kupima mapigo, kabla ya kuhesabu hatua, kabla ya kutetema simu inapoita, ni kukaa mkononi. Ikivuliwa, kazi zote zimekoma. Kwa hiyo sura inayomfanya mama wa miaka sitini aone haya mbele ya wageni ni kasoro ya kiufundi, na iandikwe kwenye karatasi ileile ya kasoro pamoja na betri mbovu na kioo kinachopasuka. Ningependa kila saa mpya iulizwe swali hilo moja: katika siku ya kazi na siku ya sherehe, usiku na mchana, inakaa mkononi kwa muda gani?

Kwa kipimo hicho, historia fupi ya vyombo hivi inasomeka vingine kabisa. Chukua saa iliyokuwa ghali kuliko zote. Apple walitangaza saa yao Septemba 2014 na kuanza kuiuza Aprili 2015. Kabla haijafika dukani ilishatokea kwenye jalada la toleo la China la jarida la Vogue, mkononi mwa mwanamitindo Liu Wen. Kulikuwa na toleo la dhahabu ya karati 18 lililouzwa kuanzia dola 10,000 hadi 17,000. Ndani yake mlikuwa na chipu ileile, betri ileile na vihisi vilevile vya toleo la aluminiamu la dola 349. Septemba 2016 dhahabu ikaondolewa sokoni, nafasi yake ikachukuliwa na kauri. Mwaka 2018 mfumo mpya wa saa hizo ukakataa kuingia kwenye kizazi chote cha kwanza, cha dhahabu kikiwemo. Mwaka 2023 kampuni ikaliingiza toleo lile la dhahabu kwenye orodha ya bidhaa zilizopitwa na wakati, ambazo yenyewe haizifanyii matengenezo tena.

Bibi akimwachia mjukuu mkufu, mkufu unabaki mkufu. Saa ya babu ya kutia ufunguo ikisimama, fundi anaifungua, anaisafisha, anaipaka tone la mafuta, inaanza kutembea. Ile ya dola 17,000 imebaki kasha la thamani lenye kompyuta iliyochoka ndani. Wenye ujuzi wa saa za kifahari waliliona hilo mapema. TAG Heuer walipotoa saa yao janja Novemba 2015 kwa dola 1,500, waliweka na ahadi: baada ya miaka miwili mwenye saa angeweza kuirudisha, akaongeza dola nyingine 1,500, akapewa saa ya kimakanika. Sijui ungamo lililo wazi kuliko hilo. Fossil nao, kampuni ya mitindo iliyoingia kwenye biashara hii kwa nguvu zote na mwaka 2015 ikainunua kampuni ya teknolojia ya Misfit kwa dola milioni 260, walitangaza Januari 2024 kwamba hawatatengeneza tena saa janja.

Mtu anaweza kuhitimisha kwamba mitindo imeshindwa. Mimi nadhani mitindo iliwekwa mahali pasipo pake. Waliipaka kwenye sehemu inayozeeka haraka kuliko zote, yaani kwenye kasha lenye chipu, wakati mahali pake pa haki palikuwa milimita chache pembeni, kwenye mkanda. Mkanda hauna mfumo wa kusasishwa wala betri ya kuchoka. Mkanda ndio unaogusa nguo. Apple walilijua hili tangu siku ya kwanza: mikanda yao inachomoka kwa kubonyeza kitufe kidogo mgongoni mwa saa, na uliyonunua 2015 uliendelea kuingia kwenye saa za miaka mingi baadaye. Watengenezaji wengine wengi wanatumia pini ya kawaida ya milimita 20 au 22, ileile ambayo fundi saa wa barazani anayo ndani ya kopo la plastiki mezani pake. Nikiulizwa ushauri wa kununua saa janja, naangalia pini hiyo kabla sijaangalia kioo. Saa yenye mkanda wa umbo la pekee, unaopatikana kwa aliyeitengeneza tu, imemfunga mnunuzi kwenye sura moja mpaka mwisho wa maisha yake.

Lakini yako mambo ambayo mkanda hauyatatui, na hapo ndipo kazi ngumu ya ubunifu ilipo. Unene, kwa mfano. Sijaona somo zuri la unene kuliko lile lililoachwa na Pebble. Hii ilikuwa kampuni changa ya Eric Migicovsky, iliyoomba mchango wa umma kwenye Kickstarter mwezi Aprili 2012 na kukusanya zaidi ya dola milioni 10. Saa yao ilikuwa ya plastiki, kioo chake cha mfano wa karatasi, na betri ilidumu kama wiki. Mwaka 2015 walikuwa na saa mbili sokoni zenye roho moja na miili tofauti. Pebble Time ilikuwa ya mraba, unene wake milimita 9.5, betri ya hadi siku saba, na ungeweza kuogelea nayo. Pebble Time Round ilikuwa ya duara, nyembamba kuliko saa janja zote za wakati wake, milimita 7.5. Iliingia chini ya mkono wa shati bila kukwama. Ukiiangalia mkononi mwa mtu, usingejua kama ni kompyuta. Betri yake ilidumu siku mbili, na maji iliyoyavumilia ni ya manyunyu.

Milimita mbili ziligharimu siku tano. Nimelitafakari sana hili, kwa sababu linaonyesha jinsi nafasi ndani ya saa isivyo na huruma. Betri ni ujazo, huwezi kuubembeleza. Ukiondoa unene kidogo kwenye chombo chenye upana wa sarafu kubwa, umeondoa sehemu kubwa ya chakula chake. Hata hivyo siwezi kuiita Time Round kosa. Kwa mtu ambaye angeivua ile nene kila anapovaa kanzu au suti, siku mbili za saa nyembamba iliyoko mkononi zina faida kuliko siku saba za saa nene iliyoko kabatini. Kosa lingekuwa kuuza moja tu na kuwalazimisha wote. Pebble waliuzwa kwa Fitbit mwishoni mwa 2016, na nililichukulia kama msiba mdogo. Mwaka 2025 Migicovsky alirudi na saa za ukoo uleule, safari hii akiahidi betri ya mwezi mzima.

Upande wa wanawake, ubunifu huu wa nafasi umefanywa kwa uchoyo zaidi. Garmin walitoa Lily Januari 2021, saa ya milimita 34 yenye nakshi kwenye kioo, maandishi yakijitokeza pale tu unapoigusa au kugeuza mkono. Ni saa nzuri, na shangazi angeweza kuingia nayo ukumbini bila kuona haya. Ila toleo hilo la kwanza halikuwa na GPS yake yenyewe. Ilibidi mwenye saa atembee na simu ili ajue amekimbia umbali gani. Naelewa sababu: antena na betri vinataka nafasi. Nisichokubali ni mazoea ya kuanza kukata upande huo kila mara, kana kwamba mkono mwembamba hauendi mbali.

Sasa tugeuze saa tuangalie mgongo wake, kwani siri kubwa iko huko. Kile kitaa cha kijani kinachowaka kwenye ngozi kinatuma mwanga ndani, damu inaunyonya, na kila moyo unapopiga kiasi kinachonyonywa kinapanda na kushuka. Kihisi kinasoma kupanda na kushuka huko. Njia ni rahisi, lakini inadai jambo moja: saa isichezecheze. Ikilegea, mwanga wa nje unapenya na kihisi kinaanza kusoma mtikisiko wa mkono badala ya moyo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke uliochapishwa mwaka 2020 ulizijaribu saa na mikanda kadhaa kwa watu wa rangi mbalimbali za ngozi, na haukukuta tofauti ya maana ya usahihi wa mapigo kati ya rangi na rangi. Kilichovuruga vipimo zaidi ni mwendo. Kwa maneno mengine, uzito wa saa, upindo wa mgongo wake na ulaini wa mkanda ni sehemu ya kihisi. Fundi wa mkanda na mhandisi wa moyo wanafanya kazi moja, wajue wasijue.

Ndiyo maana napenda kuwaonyesha watu saa ya Eliud Kipchoge. Bingwa huyu wa Olimpiki mara mbili, mtu ambaye angeweza kuvaa chochote atakacho, ana toleo lenye jina lake la COROS PACE 2. Ni saa ya plastiki ngumu. Ikiwa na mkanda wa nailoni ina gramu 29. Betri yake ilitangazwa kudumu siku 20 kwa matumizi ya kawaida, au saa 30 mfululizo za GPS. Haina chuma kinachong'aa, na sidhani kama kuna mtu amewahi kuiwazia kwa ajili ya ukumbi wa harusi. Lakini mwangalie mkimbiaji wa Kaptagat au Iten akishuka mteremko kwenye vumbi jekundu, mkono umekunjwa kifuani, saa imetulia kama sehemu ya ngozi. Pale ni nzuri. Uzuri wake unatokana na kwamba kila gramu isiyo na kazi imeondolewa, na mpenzi wa riadha anayekutana nayo mjini anaivaa kwa fahari ileile ambayo wengine wanavalia saa za wapiga mbizi huku hawajawahi kuzama hata kwenye bwawa.

Kuhusu ngozi nisipite haraka. Mapigo ya moyo ni kitu kimoja, oksijeni ya damu ni kingine. Mwishoni mwa 2020 jarida la tiba la New England lilichapisha uchambuzi uliotikisa hospitali za Marekani: vipimo vya kubana kidoleni vilishindwa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya kwa wagonjwa weupe. Hivyo ni vifaa vya hospitali, na saa janja zinatumia mwanga kwa kanuni iliyo jirani. Melanini hunyonya sehemu ya mwanga kabla haujaifikia damu. Apple wenyewe wanasema kwamba ishara inapokuwa dhaifu saa yao huongeza ukali wa taa na kasi ya kupima. Na taa kali ni betri. Wanasema pia kwamba mabadiliko ya ngozi, ya kudumu au ya muda, zikiwemo baadhi ya chale za rangi, yanaweza kuvuruga usomaji. Wakati naisoma sentensi hiyo niliwaza piko la shangazi. Bi harusi wa pwani, na kina mama wote wanaomsindikiza, wanaingia sherehe na rangi nyeusi iliyokoza mikononi. Sijaona tangazo la saa lililomwonyesha mwanamke wa namna hiyo, wala karatasi ya maelekezo inayomwambia avae wapi.

Sura ya kioo nayo ina mkasa wake. Moto 360 ya Motorola ilipotoka Septemba 2014 ilisifiwa kwa kuwa duara kama saa ya kweli, isipokuwa chini yake palikuwa na kipande cheusi kilichokatwa mlalo kabisa, mahali walipoficha saketi za kuendesha kioo na kihisi cha mwanga. Watu wakakifananisha na tairi lenye pancha. Mwaka huohuo LG walitoa saa ya duara kamili bila pancha. Walilipia kwa kuuzungushia kioo ukingo mpana, wakauchora vialama vya dakika ili uonekane una kazi. Motorola walitaka ukingo mwembamba, wakapata pancha. LG walikubali ukingo mpana, wakapata duara. Mimi naona LG ndio walioheshimu macho ya watu. Jicho linasamehe ukingo mpana kwa sababu saa zimekuwa nazo miaka yote, na halisamehi duara lililokatwa. Motorola waliirudia pancha ileile kwenye toleo la pili la 2015, jambo lililonisikitisha.

Ukingo huo huo ndio uliozaa kile ninachokiona kuwa ubunifu bora kuliko wote katika saa janja hadi leo. Mwaka 2015 Samsung, kwenye Gear S2, waliugeuza ukingo kuwa pete inayozunguka. Unaizungusha kwa kidole, na orodha inapanda au kushuka, kila hatua ikitoa mlio mdogo unaousikia kwenye ncha ya kidole. Ni pambo, linaipa saa uzito wa macho kama saa za wapiga mbizi za zamani. Ni usukani pia, kwani kidole hakizibi kioo unachokisoma. Kwa nini nalitetea hivi? Kwa sababu ya maji. Kioo cha mguso kinatambua chaji ndogo ya umeme ya kidole, na tone la maji linakidanganya kirahisi. Mama anayekanda unga wa chapati, muuza samaki wa Feri, dereva wa bodaboda aliyelowana mvua ya masika, wote mikono yao haielewani na kioo cha mguso. Pete na vitufe vinaelewana nao. Samsung waliiondoa pete kwenye saa zao za 2022, kisha wakairudisha 2023 kwenye Watch6 Classic. Naomba isiguswe tena.

Na kuna udhu. Mwislamu anayeswali swala tano analazimika kuhakikisha maji yamefika kwenye ngozi iliyo chini ya saa, kwa hiyo mara kadhaa kwa siku saa hiyo inalegezwa na kusogezwa, au inavuliwa na kuwekwa juu ya ukuta wa birika. Nimeona saa ngapi zimesahauliwa pale! Mkanda wenye bizimu ya kutafuta tundu, unaohitaji utulivu na mkono mkavu, unashindwa mtihani huu. Mkanda wa kuvutika, au wa sumaku unaoteleza, unasogea juu, maji yanapita, unarudi mahali pake na kihisi kinabana tena. Hilo ni jambo la ubunifu linalogusa waumini mamia ya milioni duniani, kutoka Tanga hadi Jakarta, na kila ninapofungua ukurasa wa matangazo nakuta mkanda umeelezwa kwa rangi tu.

Jua na umeme nitavitaja pamoja, maana ni ugomvi mmoja. Vioo vingi vizuri vya saa janja vinatoa mwanga wake vyenyewe. Nukta nyeusi haili umeme, na ndiyo sababu nyuso nyingi za saa hizi zina usuli mweusi: weusi ule unaotuvutia kama hariri ulianza kama njia ya kubana betri na kuficha ukingo. Ila ukitoka nje saa sita mchana Dodoma, kioo hicho kinapaswa kushindana na jua. Apple walitoka kwenye mwangaza wa niti 450 mwaka 2015 wakafika niti 1,000 mwaka uliofuata na 3,000 kwenye Ultra 2, na kwa karibu miaka kumi saa yao ya kawaida iliendelea kutangazwa kuwa na betri ya saa 18. Garmin, kwenye saa zao nyingi za safari, walichagua kioo kinachoakisi mwanga wa jua lenyewe: kadiri jua linavyowaka ndivyo namba zinavyosomeka, na betri inahesabiwa kwa wiki. Rangi zake ni za kufifia, ukiwa dukani chini ya taa unaiona imepauka. Dukani ndipo watu wengi wanapofanya uamuzi, na hapo kioo kinachong'aa kinashinda kila siku.

Tulikulia na Casio F-91W mikononi. Ilitoka mwaka 1989, ina gramu 21, betri yake miaka saba. Hakuna aliyewahi kuivua usiku kwa ajili ya chaja. Sidai saa janja ifike huko, kwa kazi zote inazofanya. Nasema tu kwamba mtu wa huku, mwenye kumbukumbu hiyo ya mwili na mwenye umeme unaokatika bila taarifa, akiambiwa aivue saa kila usiku, kuna usiku ataivua na asiirudishe asubuhi.

Zinazouzwa sana kwetu, hata hivyo, ni saa za kuiga. Pita Kariakoo, au Luthuli Avenue kule Nairobi, utaziona zimepangwa juu ya meza: kasha kubwa, mkanda wa rangi ya chungwa, kidude cha kuzungusha ubavuni chenye meno ya madaha. Umbo lile lilibuniwa kwa sababu. Kasha la milimita 49 la saa halisi, Apple Watch Ultra, lilikuwa la kubeba betri ya saa 36, na kidude cha kuzungusha kilikuzwa ili mtu mwenye glavu aweze kukitumia. Ya kuiga imechukua umbo ikaacha sababu. Niliinunua moja, nikaifunga kwenye chupa tupu ya soda. Ikanipa mapigo 76 na presha 118 kwa 76. Kihisi cha mwanga chochote kinaweza kudanganyika kikifungwa kwenye kitu kisicho na damu, lakini hii niliijaribu mara nne na kila mara chupa yangu ilikuwa na afya njema. Nyingine zinadai hadi kupima sukari bila kutoa damu. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo Februari 2024 kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Kwa nchi ambazo kila ukoo una mgonjwa wa sukari au presha, namba ya uongo kwenye mkono wa mzee ni hatari. Inamfanya aache dawa, au aruke kliniki. Hapa sina lugha laini.

Nirudi kwa shangazi. Baada ya harusi nilikaa naye barazani siku mbili. Tulimnunulia mkanda wa ngozi ya kahawia kwa fundi saa, pini ya milimita 20, kazi ya dakika tano. Aliupenda. Kisha akalalamikia jambo ambalo sikulitarajia: saa yenyewe haisomeki. Kioo kiliandika 19:45. Alinitazama. "Hii ndiyo saa ngapi?"

Saa mbili kasorobo. Sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza, na kwenye saa ya akrabu hatujawahi kupata shida: mshale mfupi ukielekea saba, jicho linaruka upande wa pili wa duara na kusoma moja. Mtoto anajifunza mruko huo kabla hajajua kutoa. Duara linaubeba. Namba zilizoandikwa mstari mmoja haziubebi. 19:45 inataka hesabu, na mama aliyetoka kutunza kwenye taarab hana haja ya hesabu. Kwa hiyo nikambadilishia uso, nikaweka wa akrabu, na uso wake yeye ukafunguka.

Ila alitaka na namba pia, kubwa, za kusoma bila miwani. Nilipekua nyuso zote zilizokuwemo, za maua, za wanyama, za mwezi unaokua na kupungua, na sikukuta hata moja inayohesabu kama sisi, ingawa kwenye kioo ambacho kila kitu ni nukta za mwanga ni suala la kurudisha saa sita nyuma. Mwishowe nikaongeza saa ya mji mwingine. Buenos Aires iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa sita kamili mwaka mzima, kwa hiyo kwetu kioo kikiandika 7:00 asubuhi, kule ni 1:00, usiku wa manane umeshapita. Nikaiweka katikati ya uso, kwa namba kubwa.

Shangazi sasa anasoma 1:00 na anasema saa moja. Juu ya namba hizo kuna herufi tatu ambazo nimeshindwa kuziondoa, BUE, na kila akinipigia simu ananiuliza ni ugonjwa gani huo.